Bahari ya saa nne asubuhi

Picha ya kwanza ya bahari niliyoionea fahari nilimpelekea shangazi yangu, Jambiani, akiwa barazani anasokota kamba ya usumba. Picha ilikuwa na kila kitu: maji ya feruzi, mnazi ulioinama, ngalawa iliyotweka tanga, wimbi kubwa linalojikunja karibu na mchanga, na jua jekundu linalozama baharini. Aliweka kamba chini, akafuta mikono, akaishika picha na kuitazama kwa muda. Kisha akaniuliza, "Hii pwani ya wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa, shangazi. Hapo mbele yako."

"Hapa jua linazama baharini?"

Jambiani iko pwani ya mashariki ya Unguja. Jua letu huchomoza baharini na kuzama nyuma ya nyumba, huko kwenye minazi. Nimelala na kuamka na jua hilo tangu utotoni, lakini mkono wangu ulichora jua la picha za madukani, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza bahari kutoka kwenye picha za watu wengine. Shangazi aliendelea. Wimbi la namna ile, alisema, kwetu huvunjika mwambani, halifiki mchangani na ukubwa huo. Tanga limevimba kwa upepo wa upande huu, makuti yanapeperukia upande ule. Halafu likaja swali lililonifundisha kuliko video zote nilizowahi kutazama mtandaoni: "Na haya maji, ya saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Maji yangu hayakuwa na saa.

Shangazi analima mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika pwani hii ya mashariki, na yeye ameingia majini tangu miaka ile ya mwanzo. Kwake hakuna kitu kinachoitwa bahari tu. Kuna bamvua na maji mafu, kuna maji yanayotoka na maji yanayorudi, kuna bahari ya kusi, upepo wa msimu unaotoka kusini, na bahari ya kaskazi, upepo wa msimu unaotoka kaskazini. Asipojua maji ni ya saa ngapi, atafika kondeni kwake maji yakiwa kifuani. Tangu siku ile nimeamini kwamba mchoraji wa pwani anatakiwa kujua hivyo hivyo, na hatua zote nitakazozieleza hapa zinatokana na swali lake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina brashi. Ni kuchagua saa.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku kwetu maji hukauka kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa dakika kama 50, na baada ya wiki moja mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, ila kwa unyonge, na alasiri yanatoka bila kwenda mbali. Hayo ndiyo maji mafu. Siku za bamvua tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika kama mita 4, na kwa kuwa pwani yetu ni tambarare, mita hizo za kina zinakuwa mwendo mrefu wa miguu. Mtu anatembea mpaka anakuwa doa dogo jeusi, na bado maji yako magotini.

Kwa mchoraji, saa ndiyo rangi. Feruzi ile wanayoitafuta watu wote inahitaji vitu viwili: maji juu ya mchanga mweupe, na jua lililo juu sana au nyuma ya mgongo wako. Sisi tunatazama mashariki, kwa hiyo jua huja mgongoni baada ya adhuhuri. Bamvua ya saa kumi jioni, maji yamejaa na mwanga unatoka upande wa minazi, hapo bahari ya Jambiani inawaka mpaka unahisi rangi zako za kwenye chupa hazitoshi. Bahari hiyo hiyo saa moja asubuhi, jua likiwa usoni pako, ni fedha na kijivu, buluu yake ni ya kutafuta. Anayechora jua la alfajiri juu ya maji ya feruzi amechanganya saa mbili ndani ya fremu moja. Mtazamaji huenda asijue kosa liko wapi, lakini jicho lake litakataa kutulia.

Picha nitakayoieleza ni ya bamvua, saa nne asubuhi, msimu wa kusi. Maji yametoka na wanawake wako kondeni.

Vifaa nitavipitia haraka. Natumia akriliki juu ya kitambaa cha marekani nilichokikaza mwenyewe kwenye fremu ya mbao, sentimita 60 kwa 40, nikakipaka nyeupe ya msingi mara mbili na kukisugua kwa msasa laini. Rangi zangu ni sita: nyeupe ya titani, buluu ya altramarini, buluu ya thalo ambayo inaelekea kwenye kijani, manjano ya limau, manjano ya udongo, na siena iliyochomwa yenye rangi ya kutu. Sinunui kijani wala nyeusi. Altramarini na siena zikikutana zinatoa kiza kizuri kuliko nyeusi yoyote, na zikipata nyeupe zinakuwa kijivu cha mawingu ya kusi. Brashi pana moja, ya kati moja, nyembamba moja, na chupa ya kupulizia maji, maana upepo wa pwani unakausha akriliki kabla hujaichanganya.

Upepo huo huo unaleta mchanga. Ukichora ufukweni, chembe zitaingia kwenye rangi, usihangaike kuzitoa zote. Claude Monet alichora ufukwe wa Trouville, Ufaransa, mwaka 1870, na mojawapo ya picha hizo iko National Gallery, London, ikiwa na chembe za mchanga zilizonasa ndani ya rangi. Ndivyo inavyojulikana kwamba aliichora pale pale pwani. Mimi ufukweni huwa nafanya michoro midogo ya penseli na kuandika majina ya rangi pembeni, kisha picha yenyewe naimalizia nyumbani. Lakini mara moja moja natoka na kitambaa chenyewe, kwa sababu kuna mambo ya mwanga ambayo penseli haiwezi kuyabeba.

Sasa mstari wa upeo, pale mbingu na bahari zinapokutana. Uchore kwa rula, ulale sawa kabisa, kwani ukiinama hata kidogo bahari yote inamwagika. Usiuweke katikati ya kitambaa. Katika picha ya maji kupwa nauweka juu, theluthi moja kutoka ukingo wa juu, kwa sababu hadithi iko chini, kwenye mchanga. Jambo linalosahaulika ni kwamba mstari huo uko sawa na macho yako. Ukisimama, macho yakiwa mita 1.6 kutoka mchangani, upeo uko kiasi cha kilomita 4 na nusu. Ukikaa chini unasogea karibu na bahari inakuwa mkanda mwembamba. Lazima uamue umesimama au umekaa, na ukishaamua usibadilishe, la sivyo watu utakaowachora baadaye wataelea.

Mbingu inapakwa kwanza, haraka, kwa brashi pana. Juu altramarini na nyeupe, na kadiri unavyoshuka nyeupe inaongezeka. Ukikaribia upeo tia tone la manjano ya udongo, ili hewa ya mbali iwe na joto kidogo. Mawingu ya kusi hupita makundi makundi, matumbo yao ya kijivu yamelala sawa na upeo. Yale ya karibu ni makubwa na yako juu, ya mbali ni madogo yaliyobanana chini. Usiyafanye mengi. Mawingu manne yanatosha, na kivuli cha mojawapo kiangukie baharini.

Kutoka upeoni mpaka mwambani ni bahari kuu. Hapa maji ni ya kina na rangi ni nzito: altramarini, thalo kidogo, na siena kiasi cha ncha ya kisu ili buluu isipige kelele. Watu huipaka kwa rangi nyepesi wakidhani kila kilicho mbali lazima kififie. Kwetu sivyo. Mkanda ulio chini tu ya mbingu mara nyingi ndio mweusi kuliko yote, na weusi huo ndio unaoufanya mwamba ung'ae. Mwamba wenyewe ni mstari mweupe wa povu, mwembamba, unaokatika na kuungana. Ukiufanya mnene umeusogeza karibu na mawimbi yamekuwa milima. Msimu wa kusi povu ni refu na halitulii, utalisikia likinguruma usiku ukiwa umelala. Niligusa sehemu tatu tu kwa nyeupe tupu, pengine pote ni nyeupe iliyotiwa buluu.

Ndani ya mwamba ndipo penye kazi, na hapa ningependa ukae sana.

Maji yakipwa hayaondoki yote. Yanaacha mkanda mrefu wa kina kifupi karibu na mwamba, kisha vidimbwi, kisha mchanga uliolowa, kisha mchanga mkavu. Rangi zinapangwa kama kanga zilizoanikwa kwenye kamba moja baada ya nyingine. Mkanda wa kwanza ni thalo, manjano ya limau na nyeupe nyingi, na huo ndio pekee ulio na feruzi katika picha hii. Usiuongeze kwa tamaa. Ndani yake kuna mabaka ya majani ya bahari, ambayo ni altramarini na siena yenye kijani ndani. Hayo mabaka yawe yamelala. Kadiri yalivyo mbali ndivyo yanavyokuwa membamba mpaka yanabaki nyuzi, na kadiri yanavyokaribia ndivyo yanavyopata umbo. Nimeona picha nyingi ambamo mabaka ya mbali yana duara la sahani, na bahari inaonekana kama ukuta uliosimama. Bahari inalala. Kila mpigo wa brashi ndani ya maji upite kulia na kushoto, hata unapochoka.

Mashamba ya mwani yako hapo: vijiti vilivyopigwa mchangani kwa safu, kamba zimefungwa kati yake, na mwani wenyewe ukining'inia, wengine wa kijani iliyopauka, wengine wa kahawia. Usichore kila kijiti. Chora safu mbili za karibu kwa brashi nyembamba, zilizobaki ziwe nukta tu, na jicho litazihesabu lenyewe. Karibu zaidi na ufukwe kuna vichuguu vya mawe. Mgeni anapita asiyaone, na picha za madukani hazina kabisa. Chini ya mawe hayo wanawake wamefukia makumbi ya nazi, yaoze miezi mingi majini, ndipo yapigwe na kutoa usumba. Kamba aliyokuwa akiisokota shangazi siku ile ilianzia chini ya jiwe kama hilo. Nikichora pwani ya Jambiani wakati wa maji kupwa bila mawe hayo, naona nimeiba kitu.

Mchanga uliolowa ni kioo kilichochafuka kidogo. Unaakisi mbingu, kwa hiyo paka kwanza rangi ya mchanga yenye kiza, yaani nyeupe, manjano ya udongo, siena na tone la altramarini, iache ikauke, kisha zimua buluu ya mbingu kwa maji mengi na uipitishe juu yake iwe utando. Akisi zote zishuke wima, vivuli vifuate jua. Ukivichanganya hivyo viwili mchanga unageuka matope. Saa nne ya kusi jua liko mbele yako, limeelekea kushoto upande wa kaskazini, kwa hiyo vivuli vinakuja kwako na kuinama kulia. Msimu wa kaskazi jua liko upande wa kusini, vivuli vinainama kushoto. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la mchana linapita utosini, na mnazi unakanyaga kivuli chake mwenyewe.

Mchanga mkavu wa kwetu ni mweupe kweli, unatokana na matumbawe na viumbe vya baharini, si kama wa Bagamoyo ambako mto Ruvu unamwaga udongo wake. Lakini usiupake nyeupe tupu. Nyeupe tupu ni ya povu na ya mmeto wa jua kwenye vidimbwi. Mchanga upate manjano ya udongo kidogo mno, na vivuli vyake viwe zambarau iliyopauka, kwani mbingu inaingia hata ndani ya kivuli.

Watu. Hapa ndipo mstari wa upeo unapolipa. Kama umesimama kwenye mchanga tambarare, kichwa cha kila mtu mwenye kimo chako kitagusa upeo, awe hatua kumi au hatua mia tano mbele yako. Miguu ndiyo inayopanda kadiri anavyokwenda mbali. Pwani ikiteremka kidogo vichwa navyo vinashuka kidogo chini ya mstari. Wanaoinama kufunga mwani wanakuwa nusu ya hapo. Kwa sheria hii moja niliweza kuwaweka wanawake saba baharini bila hata mmoja kuelea. Sura sizichori. Kwa umbali huo unamjua mtu kwa mwendo: namna anavyokaza kanga kiunoni, namna polo la mwani linavyomsukuma kichwa mbele.

Ngalawa iliyokauka haisimami kama gari. Inaegemea, mbao zake za pembeni zinaubeba mwili, moja imegusa mchanga na nyingine iko juu kidogo. Gogo lake mara nyingi ni la mwembe, nalo likizeeka linakuwa kijivu chenye wekundu ndani. Kwa kuwa jua liko upande wa pili, ubavu unaotutazama uko kivulini, ila usiupake kiza kimoja. Mchanga mweupe unarudisha mwanga juu, na tumbo la chombo linapata joto la manjano kutoka chini. Siku nilipoliona hilo kwa macho yangu, nikiwa nimechuchumaa karibu na ngalawa ya jirani, nilirudi nyumbani mbio. Ile rangi ya tumboni ndiyo iliyonifanya nimpende zaidi mtu yeyote anayechora, popote alipo, kwa kuwa najua na yeye amewahi kuchuchumaa hivyo.

Kama picha yako ina mnazi au tanga, simama ufukweni ukiielekea bahari. Kusi linatoka kulia kwako na kulaza makuti kushoto. Kaskazi linatoka kushoto na mbele. Chagua upepo mmoja na kila kitu kiufuate: makuti, tanga, kanga, moshi, mistari ya povu.

Najua wengi wanaosoma hatua kama hizi wanataka wimbi. Basi nendeni kwenye wimbi la kweli, hata likiwa la shubiri mbili. Saa maji yanaporudi, wimbi dogo la Jambiani lina mambo yote ya wimbi kubwa: sehemu ya juu ni nyembamba na mwanga unapenya, ikawa kijani kibichi chenye manjano, chini yake kuna kiza, povu likishalala mchangani linakuwa na matundu kama kimia, na chini ya ukingo wake kuna kivuli chembamba cha buluu. Kivuli hicho kikikosekana, povu linakuwa chaki. Usijaribu kulichora huku unalitazama, halikungoji. Ivan Aivazovsky, aliyezaliwa Feodosia kando ya Bahari Nyeusi mwaka 1817 na kufa 1900, alichora maelfu ya picha za bahari, na alishikilia kwamba vitu vinavyokwenda kama maji na upepo lazima vichorwe kwa kumbukumbu. Nami nafanya hivyo: natazama mawimbi hamsini bila penseli, nageuka, naketi nimeipa bahari mgongo, ndipo nachora.

Picha ya saa nne asubuhi ilinichukua bamvua mbili. Ya kwanza niliitumia kutembea na kuandika, ya pili kuchora. Siku ya mwisho nilikuwa kule ndani na kitambaa mkononi mpaka nikaona mkanda mwembamba wa kijivu ukitambaa juu ya mchanga upande wa mwambani, bila povu, bila sauti. Niliutia haraka kwa brashi ya kati, mpigo mmoja mrefu, nikaanza kurudi.

Shangazi alikuwa anaanika mwani uani. Aliitazama picha akiwa amesimama, kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa. Alianza kwa mawe ya makumbi, akataja mawili ni ya nani. Nilikuwa sijui kwamba yana wenyewe hata kwenye picha. Kisha akaulizia mwanamke mmoja niliyemchora peke yake, polo kichwani, anaelekea ufukweni wakati wenzake wangali wameinama.

"Huyu mbona anarudi mapema?"

"Ndivyo nilivyomwona, shangazi."

"Basi ana mtoto mchanga nyumbani." Akasogea karibu zaidi, akanyoosha kidole bila kugusa, kwenye ule mpigo mmoja wa kijivu. "Lakini na hawa wengine wafanye haraka. Maji yameshageuka."